Tairi la Kushukia Kyela

Mdogo wangu aliposhusha magurudumu mawili juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya sketi za shule nilizoahidi kuzimaliza jioni ile, nilimwambia ayaondoe kabla sijayatupa mtaroni. Hakuyaondoa. Alisema, "Dada, shika moja kwanza." Nikashika. Lilikuwa jepesi mno, nami nilikuwa nimejiandaa kunyanyua kitu kizito, mkono ukapaa wenyewe na kuangusha kopo la vifungo. Nina hasira za karibu, kila mtu wa hapa sokoni Tukuyu anajua, na vifungo vilivyotawanyika haviniongezei subira. Tuliviokota wote wawili huku yeye akicheka peke yake.

Yalikuwa magurudumu ya kaboni, meusi, yenye mbavu pana, na hayakuwa yake. Kocha wa klabu moja ya Mbeya alikuwa amemwazima hadi mashindano yapite. Mashindano yenyewe yangeanzia hapa Tukuyu, yashuke hadi Kyela, yageuze, yapande tena hadi Tukuyu. Wasichana wawili wa mwanzo wangechukuliwa kwenye timu ya kwenda kukaa kambini Dar es Salaam. Mdogo wangu asubuhi anapokea maziwa ya wafugaji kwenye kituo cha kukusanyia, mchana anaendesha baiskeli, na umri wake si wa kusubiri tena. Kocha alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwakani atatafuta wadogo zaidi. Kwa hiyo ilikuwa mara hii au basi.

Kupanda hakukumpa shida. Sisi tumezaliwa kijijini Masoko, na mtu wa Masoko hakuna anakokwenda bila kupanda. Shida ilikuwa kushuka. Mwaka uliotangulia, mvua zikiwa zimechanganya, aliteleza kwenye kona moja chini ya mji, barabara ya Kyela, akavunjika mtulinga. Watu walikuja kumpa pole, na wengi walimalizia kwa kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikawajibu kwamba guu liko salama, hebu wakaangalie vizuri. Lakini mkuu mwenyewe, yaani mama yetu, hakusema lolote. Alikaa naye wodini, akamnywesha uji, akamfulia, mfupa ulipopona akarudi zake Masoko kwenye migomba yake. Na siku mdogo wangu alipompigia simu kumwambia ameanza tena mazoezi, mama alimjibu, "Nenda tu."

Anayekijua Kiswahili anaijua hiyo "tu". Angesema usiende, tungebishana naye na kumbembeleza. Angesema nenda, tungeshukuru. "Nenda tu" haina pa kuikamatia. 

Jioni moja tukimenya ndizi alinieleza kinachomsumbua. Wazee wetu wa Kinyakyusa wana neno mbepo. Ni upepo, ni baridi, na pia ni ile pumzi inayotoka kwa mtu mwenye kinyongo alichokinyamazia. Akikukasirikia asiseme, mbepo yake inakufuata, unaugua, au linakupata jambo. Dawa yake ni mwenye hasira kuitoa mdomoni, yote, mbele ya aliyemkosea, ndipo baraka zake ziwe baraka kweli. Mama yetu ni mzee wa kanisa, na akisikia habari hizo husema ni mambo ya zamani. Mdogo wangu aliyesomea mifugo hadi chuo ndiye anayeziamini. Mimi siamini wala sibishi. Ila nilikuwa nimemfuata kwa bodaboda siku moja akifanya mazoezi, nikamwona anavyoikaribia ile kona: breki zote mbili amezifunga, mabega yamepanda hadi masikioni, baiskeli inatambaa. Nikajua kwamba akishuka namna hiyo siku ya mashindano, hata apande vipi baadaye hatawapata wenzake.

Sasa nieleze matairi, maana ndiyo yaliyotugombanisha. Tairi la baiskeli ya kawaida lina kingo zinazoshika rimu, na tyubu unaiweka ndani. Rimu hizi za kaboni hazina pa kushikia. Mgongo wake una mfereji wa kina kifupi, laini, na tairi lake ni bomba zima: tyubu imo ndani, kitambaa kimeizunguka na kushonwa kwa chini mshono mrefu, na juu ya mshono pamebandikwa utepe wa pamba. Utepe huo ndio unaoubandika kwenye mfereji kwa gundi. Gundi ikiachia ukiwa kwenye kona, tairi linatoka, nawe unatoka nalo.

Niliyajua tangu mwaka juzi. Mdogo wangu alipata pancha kwenye tairi la namna hiyo, mafundi baiskeli wote wa stendi wakaligeuzageuza na kumrudishia, mmoja akamwuliza aliyelitengeneza alikuwa ndani au nje. Akaniletea mimi, kwa kuwa lilikuwa na mshono. Nikabandua utepe, nikafumua nafasi ya vidole vitatu, nikaivuta tyubu kama ninavyovuta lastiki ya kiunoni kwenye bukta, nikaweka kiraka, nikashona upya nikifuata matundu yale yale. Siku hizi waendesha baiskeli wa Mbeya wananitumia matairi yao kwa basi, na mimi ninayaning'iniza msumari mmoja na magauni ya maharusi.

Magurudumu yale yalikuja na matairi mawili mapya, upana milimita ishirini na tatu. Mdogo wangu aliyaona kama zawadi. Kwao wote huko klabuni jembamba ndilo la mwendo, na wapo wanaotumia ishirini na moja, kama lile alilokuwa nalo siku aliyoanguka, alilolijaza upepo hadi likawa gumu kama mchi. Nikamwambia aniachie nipime.

"Unapima nini? Yameandikwa."

"Hata suruali huandikwa kiuno, na watu wanakuja kwangu kila siku kupunguziwa."

Nilikata kipande cha kile kitambaa kigumu tunachoweka ndani ya kola, nikakikandamiza kwenye mfereji wa rimu hadi kikashika umbo la mviringo wake, halafu nikakitoa na kukiweka chini ya tairi nililolijaza upepo kidogo. Rimu ilikuwa pana kuliko tairi. La ishirini na tatu lilikaa katikati, likagusa kwenye mshono tu, na pembeni kote kuwili ukapita mwanga. Nikamwita auone huo mwanga. Gundi hushika kinachogusana, na pembeni ndiko tairi linakosukumwa unapolala kwenye kona. Tena rimu ya kaboni ikibanwa breki mteremko mrefu inapata joto, na joto hulainisha gundi. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni mteremko tangu mwanzo hadi unapoanza kusikia joto la bonde.

"Nikijaza upepo mwingi litatanuka," alisema.

"Litatanuka juu. Chini halitanuki, limeshonwa."

Nilimwambia pia lile jambo jingine, ambalo alilijua kunizidi na hakupenda kulisikia. Tairi jembamba linadai upepo mwingi, la sivyo rimu itajigonga kwenye mashimo ya barabara. Likijazwa sana linadundadunda juu ya viraka vya lami, na mvua ikinyesha, nayo Tukuyu hainyeshi kwa kubahatisha, linaigusa barabara kwa sehemu ndogo mno. Pana unalijaza kidogo, linalala na barabara. Mimi nilitaka ishirini na nane.

"Ishirini na nane ni za wazee wa kwenda shamba."

"Wazee wa kwenda shamba wanafika."

"Dada, wenzangu wakiniona na tairi pana watajua naogopa."

"Kwani huogopi?"

Alichukua kofia yake ngumu akatoka. Alisahau maji yake na koti, na mvua ilikuwa inanyesha. Sikumwita.

Mkabala na kibanda changu lipo duka la spea la mzee mmoja wa Kiislamu, mtu wa kanzu safi hata siku za matope, ambaye ukoo wao umefanya biashara hapa Tukuyu tangu kwa babu yake. Ana ndugu Dar es Salaam, na kinachokosekana kwake huwa anaagiza kwao. Nilimwendea nikamsalimu, nikamwambia nataka tairi mbili za baiskeli, za kubandika kwa gundi, ishirini na nane. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika na ishirini na nane. Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba mimi hupima.

Mzigo ulipofika alinipungia mkono kutoka kizingitini. "Binti, njoo uchukue."

Nilikuta matairi mawili yamefungwa kamba, meusi, mazito, yenye meno, ya zile baiskeli za chuma zinazoshuka kutoka Suma na mikungu ya ndizi huku mwenyewe akisukuma. Juu ya matairi palikuwa na chupa kubwa ya gundi ya viatu.

"Mzee, haya ni nini?"

"Ishirini na nane."

"Nimesema ishirini na nane ya milimita! Upana!"

"Binti yangu, nauza tairi tangu hujazaliwa. Kuna inchi ishirini na nne, kuna ishirini na sita, kuna ishirini na nane. Hizo milimita zenu labda ni za kanzu."

Nilianza kufoka. Aliniacha nifoke, akaendelea kupanga spoku zake, nilipopumua akasema, "Namba umenipa. Cha kupimia hukunipa. Na nilikuuliza." Watu waliokuwa wakinunua soli za ndala walikuwa wamegeuka wote. Mmoja akaniuliza kama mdogo wangu sasa anabeba ndizi, nikacheka nami, sikuwa na la kufanya. Matairi yale yaliuzwa siku ile ile kwa mtu wa Suma aliyefurahi sana.

Kule kukawia ndiko kulikotusaidia, maana kulinipa muda wa kufanya nililopaswa kuanza nalo. Fundi mwenye akili hakati kitambaa cha harusi kabla ya kujaribu kwa kitambaa duni. Nilishona kipande cha bomba la shuka kuukuu, nikakishindilia mabaki ya vitambaa hadi unene ukafika milimita ishirini na nane, nikakifunga kwa uzi juu ya rimu ya nyuma, nikalitia gurudumu kwenye baiskeli. Likazunguka kidogo na kukwama. Fremu yake ni ya zamani, imebana, iliundwa wakati huo watu wote wakitumia nyembamba. Hata kama lingepita, punje moja ya kokoto ingetosha kulisimamisha. Nikafumua, nikapunguza mabaki, nikashona la ishirini na tano. Hilo lilipita, na pembeni sindano yangu nene iliingia. Na kile kipande changu cha kola nilipokipima na tairi la ishirini na tano la mteja wa Mbeya lililokuwa msumarini, kililala chini yake pande zote bila mwanga.

Nilirudi kwa mzee na kipande cha uzi kilichokatwa kwa upana kamili pamoja na lile tairi la mteja. Alilitazama sana, akalibonyeza, akasema kwamba alikuwa hajawahi kuona mpira ulioshonwa kama mto wa kulalia. Ndugu yake akayapata mawili. Yalikuja yamekunjwa ndani ya boksi dogo, mzee akaniletea mwenyewe huku akitembea polepole ili sokoni wamwone. "Ishirini na tano," alitangaza. "Ya kanzu."

Yakabaki matairi ya namna mbili mezani, na mdogo wangu hakusema anachagua lipi. Kila nikimwuliza alisema tutaona. Gundi haijui tutaona. Inapakwa kwenye rimu, inaachwa ikauke, inapakwa tena, na kwenye utepe wa tairi vilevile, ndipo unapaka ya mwisho na kuvalisha ikiwa bado inanata. Siku zilizobaki zilikuwa chache, kwa hiyo nilipaka rimu, na matairi ya ishirini na tano nikayapaka bila kumwuliza mtu. Kibanda kizima kilinuka. Mwalimu aliyekuja kuchukua suti yake alisimama nje akanyoosha mkono.

Alhamisi, siku ya soko, mdogo wangu alitoka kituo cha maziwa akakuta nimeshapaka gundi ya mwisho kwenye gurudumu la mbele.

"Nilisema tuweke ishirini na tatu," alisema. "Nitashuka polepole, basi."

"Hukusema. Na kama ni kushuka polepole, mrudishie kocha gurudumu lake, nenda kwa miguu."

"Dada, wewe hujawahi kuanguka pale."

"Sijaanguka, lakini najua kilichokuangusha. Si barabara, wala si mvua. Ni upepo. Ulizidi. Huo upepo ndio uliokuangusha, na wewe mwenyewe unajua."

"Upepo wa nani?"

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameleta ndizi sokoni na amepita kutusalimu, kikapu kitupu kimemning'inia mkononi, kanga yake imelowa mabegani. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Tulimwamkia, hakuitika.

"Nimeuliza. Upepo wa nani ulimwangusha? Mnakaa hapa mnasema mbepo yangu imemwangusha mtoto?"

Mimi nilicheka. Ilikuwa wazi kabisa kwangu, tairi lipo mezani, pampu ipo sakafuni. Nikaanza kusema, "Mama, upepo wa tairi," halafu nikamwangalia mdogo wangu. Angeweza kunyamaza, nami ningemaliza maelezo, mama angekunywa chai na kwenda zake. Badala yake alisema, "Na huo pia, mama."

Mama aliweka kikapu chini. Mvua ilikuwa inapiga bati. Na mimi, Mungu anisamehe, niliiona gundi inaanza kukauka.

"Gundi inakauka," nikasema. "Mtanisaidia kwanza, mtagombana baadaye."

Tairi la kubandika jipya halikubali kuvaa. Unaanzia kwenye valvu, unalisukuma chini kwa mikono miwili kuizunguka rimu, na mwisho kinabaki kipande ambacho hakifiki, hata uvute vipi, na ukiliachia kidogo linajikunja na gundi inajipaka kila mahali. Mdogo wangu alishika gurudumu, mimi nikavuta upande wangu, halikufika. Mkono wake wa upande aliovunjika haukuwa na nguvu ya kutosha. Ndipo mama akaja akashika upande wa pili. Mikono ya mama imepalilia, imebeba na kukamua tangu utoto. Alivuta, na huku anavuta akaanza kusema, kwa Kinyakyusa, sauti yake ya kawaida tu, kama mtu anayeeleza bei za sokoni. Mimi naiandika kwa Kiswahili.

"Nilikasirika. Mtu wa bodaboda alikuja akanikuta kisimani, mbele ya watu, akasema mwanao ameanguka Tukuyu, sijui kama ni mzima. Nikapanda bodaboda yake vilevile, miguu ina matope. Nimefika wodini nimekushika mkono. Umefungua macho, umeniona, umeniuliza baiskeli iko wapi. Hukuniita mama. Hukuniuliza nimefikaje. Umeuliza baiskeli. Nikasema moyoni, kama baiskeli ndiyo mama yake, basi imnyweshe uji. Kila kijiko nilichokupa niliyasema hayo moyoni. Ulipopona nikaendelea kusema. Uliponipigia simu nilikuwa bado nasema."

Tairi likaingia kwa mlio wa kitambaa kilichovutwa sana. Mama hakuliachia. "Hayo ndiyo yote," alisema. "Sikubakiza."

Mdogo wangu alikuwa analia, gundi imemjaa vidoleni, hana cha kujifutia. Alisema, "Mama, nilikuwa sijui nasema nini." Mama akamjibu, "Najua. Ndiyo maana niliona haya kusema." Kisha akachukua kikombe cha maji yangu, akasukutua, akayapuliza nje kwenye mvua, kama wazee wafanyavyo kinyongo kikishatoka, na mzee wa kanisa yule hakutueleza kama hiyo ilikuwa dini au mila. Nami sikuuliza. Nilikuwa na la nyuma la kuvalisha.

Tulipomaliza yote mawili, mama alilibonyeza tairi kwa kidole gumba. "Hii ndiyo pana?"

"Ni ya kati," nikasema.

"Weka upepo kidogo. Balabala mbaya."

"Themanini na tano, mama," mdogo wangu alisema, akachukua pampu mwenyewe. "Si mia." Akajaza huku akiangalia mshale wa kipimo cha pampu, akaacha ulipofika.

Siku ya mashindano ilinyesha manyunyu. Mama alikuwa amelala kwangu, na asubuhi tulishuka naye kwa bajaji hadi kwenye ile kona, akachagua mahali pa kusimama, ukingoni kabisa, mwamvuli mmoja sisi wawili. Nilimwomba arudi nyuma akakataa. Wanaume walipita kwanza kwa kundi, maji yakiruka. Halafu wasichana. Mdogo wangu alikuwa mbele yao wote. Aliingia kwenye kona vizuri, goti la ndani amelitoa, tairi limelala kwenye lami iliyolowa na halikuyumba hata kidogo. Nilianza kupiga kelele. Kona ikielekea kwisha nikasikia breki, ule mlio mkavu wa kaboni, na mabega yake yakapanda. Wawili wakampita kwa nje, wa tatu, wa nne, wa tano. Aliponyooka tena walikuwa wameshapotea kwenye mteremko.

Kutoka Kyela kurudi alipanda kama mtu anayefukuzwa. Watu wa bodaboda waliokuwa wakifuata walituletea habari: amempita mmoja, amempita mwingine, na mwingine tena. Alimaliza wa tatu. Wa pili alikuwa mbele yake kwa umbali ambao ungeweza kumtupia ndala ukampata.

Alikuja kukaa barazani kwangu, matope hadi kwenye nyusi. Mimi niligeuza magurudumu nikakagua, maana ndivyo nilivyo. Gundi ilikuwa safi pande zote, tairi halikusogea hata uzi mmoja.

"Lilishika," nikasema.

"Lilishika, dada. Nililisikia likishika. Nilikuwa nimeshaipita kona, imebaki kunyooka tu. Na bado nikafunga." Alijitazama mikono. "Sijui kwa nini nilifunga."

Mama alikuwa kwenye benchi, anakamua maji kwenye pindo la kanga. Alisema, "Mimi nilikuwa naomba ufunge."

"Mama?"

"Ulipotokea. Nilisema, Bwana, afunge breki. Nilisema kwa nguvu, dada yako hakusikia kwa sababu alikuwa anapiga kelele. Ningeweza kunyamaza, lakini nimeacha kunyamaza."

Sijawahi kumwona mdogo wangu akimtazama mama namna ile. Alisimama. 

"Basi na mimi nimekasirika, mama," alisema. "Nimekasirika sana."

Mama alisogea pembeni, akaifuta nafasi iliyobaki kwenye benchi kwa kiganja chake.

"Kaa hapa," alisema. "Sema yote."

Mdogo wangu akakaa, akaanza kusema.